Kipande Kinachouambia Moyo Basi

Nakiete alifika Karakana ya Mioyo asubuhi, amejifunga kanga za msiba, mkononi kashika kopo la sukari lenye kifuniko. Ndani ya kopo hilo kulikuwa na kifaa kilichotolewa kifuani mwa mumewe. Akakaa kwenye benchi la wageni bila kuuliza mtu. Watu wakapita, wakampa pole, wakashika hamsini zao. Namsifu Mbwambo alimwona kupitia dirisha la ofisi yake, akamjua ni nani, akajifanya bado anasoma.

Alikuwa amechoka, Namsifu. Wala si uchovu ule wa kulala siku mbili ukaisha. Alikuwa amebeba jambo muda mrefu mno, hata bega likazoea mzigo, lakini ole wako umguse hapo. Alisoma mstari mmoja mara kadhaa, mwishowe akaona aibu, akatoka.

"Shikamoo, mama," alisema Nakiete.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Asante, tumeshapoa." Nakiete hakuwa amepoa, na hakujisumbua kujifanya. "Daktari kanieleza. Kasema Sefania walimkuta na baridi tu, hana jeraha. Mlango wa ghala la baridi la maparachichi ulimfungia, baridi ikamwingia taratibu. Kasema mtu wa baridi hafi upesi. Wangemkuta na mapigo hata ya kusuasua, wangempasha joto, angeamka akadai uji." Akaliweka kopo kwenye meza. "Sasa mimi ninauliza. Hiki kitu si ndicho kilikuwa kinampigia tangu utoto wake? Mbona kiliacha?"

"Tunaangalia," alisema Namsifu.

"Na mimi nimewaletea mwangalie. Mama, nani alikiambia kiache?"

Namsifu alikuwa na jibu mdomoni. Alikuwa nalo tangu habari za Sefania zilipofika karakanani, na lilikuwa na jina la mtu na ukoo wake. Badala yake akasema, "Nipe siku kidogo."

"Siku ninazo," Nakiete akajibu. "Kingine ndicho sina."

Akaondoka, kopo likabaki.

*

Wasioijua kazi hii hudhani kifaa cha moyo kina akili zote ndani yake. Hakina. Kiini kinachofungiwa kifuani ni kidogo na, kusema ukweli, ni kijinga, na kilitengenezwa hivyo makusudi. Kinajua kusikiliza na kinajua kupiga, basi. Homa ya moyo ilipopita milimani, Namsifu akiwa bado sekondari, ikaacha watu na mioyo legelege kutoka Ugweno mpaka Gonja, hakuna aliyeweza kukisia ni matatizo gani yangefuata. Na huwezi kumpasua mtu kifua kila unapopata maarifa mapya. Ndipo waanzilishi wa karakana wakakipa kiini kitu walichokiita kioo.

Moyo ukikutana na hali ambayo kiini hakiijui, kiini huita hewani mpaka kwenye ghala la karakana: nani anaiweza hali hii? Ghalani kuna vipande vya programu, vimeandikwa na watu tofauti, miaka tofauti. Kila kipande kikiitwa hujitazama kwenye kioo, kikajieleza: mimi ni fulani, najua kufanya hivi na hivi. Kiini huchagua kinachofaa kuliko vyote, hukipakia papo hapo, moyo ungali unadunda, kikaanza kukitii. Jana hakikuwahi hata kulisikia jina lake. Mwenye kifua hana habari. Pengine yuko shambani anapalilia.

Hapo ndipo penye raha ya kazi na hapo ndipo penye balaa lake. Maana kioo kina pande mbili. Kipande kilichokaribishwa nacho chaweza kukigeuza, kikachungulia ndani ya kiini, kikafungua hata vyumba ambavyo waliokijenga walivitia kufuli. Ukimkaribisha mgeni wa namna hiyo bila kumjua, nyumba imekuwa yake.

Kwa sababu hiyo kila kipande kilihitaji funguo mbili, wa mwandishi na wa msomaji. Na karakana hii ya mji wa Mwanga ilikuwa na desturi yake ambayo wageni waliicheka hadi walipoielewa: msomaji lazima awe mtani wa mwandishi. Mchaga akiandika, Mpare asome. Mpare akiandika, Mchaga asome. Mtu mwingine akikuta kosa la mwenzake hung'ata maneno, husema hapa labda tungetazama kidogo. Mtani hana haja ya adabu hiyo. Husema, huu upuuzi uliuandika umelala au umelewa? Mwandishi anacheka, anarekebisha, na bibi wa watu huko Kilomeni anaamka salama.

Mtani wa Namsifu alikuwa Ndesario Kimario. Walikuwa wametukanana miaka mingi kwa upendo, na hakuna kipande chao hata kimoja kilichowahi kumdhuru mtu.

Wakati wa masika Namsifu alikuta kipande cha Ndesario mahali kisipostahili kuwa. Kilikuwa kwenye droo ya majaribio, ile sehemu ya ghala ya vipande visivyokamilika, kina ufunguo mmoja tu, wa mwandishi. Droo ile nayo kiini kilikuwa kinaisoma. Ilikuwa wazi tangu karakana ianze, kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake ameifunga. Namsifu akakisoma kipande. Kilikuwa kimeandikwa kwa ustadi mkubwa, na hilo ndilo lililomwogopesha. Kiligeuza kioo, kikafungua vyumba vya ndani vya kiini, kikatazama mapigo, pumzi na damu kwa pamoja. Kikiona moyo umefika mwisho, hakikupiga, na kilivizuia vipande vingine visipige. Kiliuambia moyo, basi.

Sheria ya Bodi inayosimamia vifaa hivi ilisema kinyume. Kifaa kipige mpaka kishindwe. Kila aliyewahi kumuuguza mzee mwenye kifaa alijua maana yake, jinsi mtu anavyorushwa kitandani na kuzinduliwa, halafu anarushwa tena.

Siku ile Namsifu alipaswa kuinuka, amfuate Ndesario, amporomoshee matusi yote ya Upareni. Hakuinuka. Wiki hiyohiyo baba yake huko Usangi, naye mwenye kifaa, alikuwa ameanza kuvimba miguu, na daktari alikuwa amemweleza kinachokuja. Namsifu aliirudisha droo kama alivyoikuta. Akajiambia ataliangalia baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, na yeye akapita nayo.

Sasa alikifungua kifaa cha Sefania, akasoma kumbukumbu zake za mwisho, ingawa alijua atakachokuta. Baridi ilishuka, mapigo yakafifia. Kiini kikaita ghalani. Kipande cha Ndesario kikajieleza vizuri kuliko vyote, kwa kuwa ndicho pekee kilichochungulia vyumba vya ndani, kikachaguliwa. Kikautazama moyo wa kijana mzima ulioganda kwa baridi, kikaona moyo wa mzee anayeaga.

La kuvunda halina ubani. Namsifu akachukua kopo, akaenda nyuma ya karakana.

*

Ndesario alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma anakunywa chai na kiazi. Alikuwa mtu mwembamba, nywele zimekuwa nyeupe mapema, na tangu mama yake afe alikuwa akikaa peke yake kila saa ya chai.

"Naam, Mpare," alisema bila kugeuka. "Leo umemshitaki nani?"

Namsifu hakuucheka ule utani wa Wapare na kesi. Akaliweka kopo kando ya kikombe chake. Ndesario akalifungua, akatazama ndani, akalifunga. Akakiweka kiazi chini.

"Yule wa ghala la maparachichi?"

"Ndiye. Mke wake alikuwa hapa."

"Baridi," alisema Ndesario. "Niliwaza kila kitu, sikuiwaza baridi. Moyo wa baridi unafanana na moyo wa mwisho." Kisha akamtazama. "Umejuaje upesi hivi ni kipande changu? Kumbukumbu umezifungua asubuhi hii tu."

"Nilikiona tangu masika."

Ndesario hakujitetea. Kilichomuuma kilikuwa kingine, na Namsifu alikiona kinavyompata. "Tangu masika," alisema taratibu. "Ukakiona, ukakisoma, na hukunitukana hata siku moja? Mtani wangu mwenyewe?"

"Baba yangu mgonjwa, Ndesario."

Hapo akaelewa yote, akashika kichwa. Hawakuwa na haja ya kuelezana zaidi. Mmoja alikuwa ameandika kwa ajili ya mama aliyekwisha kufa, mwingine akanyamaza kwa ajili ya baba ambaye hajafa, na katikati yao akafa mtu ambaye hakumhusu yeyote kati yao.

"Naweza kukirekebisha," Ndesario alisema. "Niongeze kipimo cha joto. Jioni kinakuwa tayari, unakisoma, unakitia ufunguo wako, kinakuwa halali."

"Baada ya baridi kutakuwa na kitu kingine ambacho hatukukiwaza. Na si hilo tu." Namsifu akaketi kwenye ngazi. "Wote waliokwenda kwa kipande chako, kuna aliyeulizwa?"

Wote wawili walikuwapo siku swali hilo lilipouawa. Zamani, kwenye kikao cha karakana, msichana mmoja mgeni alipendekeza mtu anapowekewa kifaa aulizwe: siku ya mwisho ikifika, upigwe au uachwe? Mzee mmoja wa kikao akauliza, nani atamwendea baba yangu amuulize anataka kufa vipi? Wewe? Huo ni uchuro. Watu wazima wakaafiki, wakaenda kunywa chai. Na Namsifu mwenyewe aliafiki. Mtu hamwambii mzazi wake habari za kifo chake, kana kwamba anakiita. Hivyo mashine ikabaki ile inayojua kila kitu kuhusu moyo wa mtu isipokuwa anachokitaka mwenyewe.

"Basi tukifute," alisema Ndesario. "Kufuta nako ni funguo mbili. Wangu huu hapa."

Namsifu hakunyanyua mkono.

"Daktari anasemaje kuhusu mzee?"

"Wiki hii. Akijaliwa, ijayo."

"Kwa hiyo tukifuta leo..."

"Najua tukifuta leo. Tusipofuta leo ninajua pia. Kuna ghala lingine la maparachichi, kuna mtu atatumbukia mtoni, kuna nini sijui." Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Nataka aulizwe kwanza. Basi. Mtu mmoja tu katika hawa wote, aulizwe."

"Utamuulizaje? Wewe ni mtoto wake."

"Mimi siwezi," alisema Namsifu. "Wewe unaweza."

*

Walipanda Usangi na gari la waya la mchana. Halikuwa na abiria wengine ila mama mmoja na mche wake wa mgomba aliokuwa ameupakata kama mtoto mchanga. Chini yao uwanda ulikuwa mweupe kwa paneli za jua, na mbali kabisa bwawa la Nyumba ya Mungu lilikuwa limenywea limebaki utepe.

"Mama yangu lile dude lilimpiga tangu adhuhuri mpaka jua linazama," Ndesario alisema, akitazama nje. "Kila akituaga, linamrudisha. Ananitazama mimi, maana alijua ninafanya kazi karakanani. Alidhani nina uwezo wa kulizima, nami nilikuwa sina. Nikarudi nikautengeneza huo uwezo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sijutii kukiandika, Mpare. Nakuambia kweli. Namjutia yule kijana, lakini kukiandika sijutii."

"Sijakuuliza."

"Najua. Na hilo nalo linaniudhi, siku hizi huniulizi kitu."

Mzee Mbazi, baba yake Namsifu, alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele ili aone njia. Alikuwa mtu mkubwa zamani. Sasa mkubwa ulikuwa ule uvimbe tu. Jirani aliyekuwa anamuuguza aliwaona wageni, akaenda jikoni kuinjika chai. Namsifu akamwamkia baba yake, akamgusa mguu, akaona kidole chake kimeacha shimo. Akasogea kando, karibu na mlango, akatazama sakafu.

Ndesario akasimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Hodi kwa Wapare. Nimesikia hapa kuna ng'ombe karibu wabaki bila mwenyewe, nikaona niwahi."

Mzee akafungua jicho moja. "Umechelewa, Mchaga. Ng'ombe wote nimeuza. Kulikuwa na kesi ya kuku."

"Ulishinda?"

"Swali gani hilo? Kaa." Akapumua kwanza, akakusanya nguvu. "Nasikia ninyi mtu akizimia, mnaangusha sarafu sakafuni. Asipoinuka kuiokota mnachimba kaburi."

"Ni kweli. Ninyi je?"

"Sisi tunasomewa hati ya mashtaka. Ukiona Mpare hajaibishia, zika."

Wakacheka wote wawili, mzee akakohoa, Ndesario akamwinua mgongo mpaka kikohozi kikapita. Alifanya hivyo kwa uangalifu, na alipomlaza aliendelea kuushika mkono wake. Namsifu alijua sasa lile neno linakuja, akatamani kutoka nje. Hakutoka.

"Sasa mzee," alisema Ndesario, kwa sauti ileile ya utani, ila mwendo wake ulikuwa umepungua. "Wewe unakufa, na mimi mtani wako ndiye nitakayekwambia, hawa wako wanaogopa. Siku hiyo ikifika, hilo dude kifuani linaweza kukupiga ubaki. Litakupiga, likupige tena, na linauma, niliona kwa mama yangu, sikufichi. Au linaweza kukuacha uende taratibu. Kuna kipande cha kukuacha. Nimekiandika mimi. Sasa hivi kiko ghalani kinakusubiri. Unakitaka?"

Mzee akatazama njiani. Nje kuku mmoja alikuwa anaparura majani.

"Kinanisubiri mimi?"

"Wewe na wengine."

"Kiliniuliza?"

"Hakikuuliza."

"Na huyu?" Akaashiria kwa kidevu mlangoni. "Alijua?"

"Nilijua, baba," alisema Namsifu. "Nilikiacha kwa ajili yako. Sikutaka uumie."

Mzee Mbazi akatazama dari. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayetoa ushahidi, polepole, neno baada ya neno, kwa sababu ya pumzi na kwa sababu ya mazoea.

"Ile kesi ya mpaka na akina Mchome, unaikumbuka? Ulikuwa mdogo. Kipande cha ardhi kisichozidi kitanda hiki. Mama yako akasema niache, mchungaji akasema niache, hakimu mwenyewe akaniita pembeni akasema, mzee, acha. Sikuacha. Watu wakadhani napenda ardhi." Akapumzika. "Sikutaka mtu aniamulie lini nimeshindwa. Nikishindwa, nitasimama mwenyewe niseme nimeshindwa. Leo mnanijia na kitu kitakachosema kwa niaba yangu, tena kwa kunong'ona, mimi nimelala."

"Baba, linauma."

"Nimesikia. Kasema hafichi. Linipige." Akageuza kichwa kumtazama binti yake, na macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Nikichoka nitasema. Mdomo ninao. Na wewe hutaki kuona, si vibaya, mtoto gani anataka kuona? Lakini hofu hiyo ni yako, mwanangu. Usiniwekee mimi kifuani."

Namsifu alihisi uso wake unawaka. Tangu masika alikuwa amejihesabu kuwa mtoto mwema mwenye kosa dogo. Alikuwa tayari kuilipa huruma ile kwa usingizi wake, na hata, Mungu amsamehe, kwa mume wa Nakiete. Na kumbe huruma yenyewe haikuwa imeombwa. Laiti moyo wa mzee ungechoka wiki iliyopita, kile kipande kingemnyima kitu pekee alichokitaka, naye Namsifu angelia makaburini akiamini amemtendea hisani.

"Nani kafa?" aliuliza mzee.

Wakatazamana.

"Nimekaa mahakamani maisha yangu yote. Mtu hapandi mlima siku ya kazi, na mtani wake nyuma, kuja kuuliza swali la bure. Nani kafa?"

Namsifu akamwambia. Alimwambia yote: Sefania, mlango wa ghala, baridi, kipande, Nakiete na kopo la sukari. Hakujipunguzia. Alipomaliza, mzee alikuwa amefumba macho, wakadhani amelala.

"Huyo naye hakuulizwa," alisema.

"Hakuulizwa."

"Basi mnafanya nini kwangu? Futeni."

Namsifu akatoa kishikwambi begini, akaifungua droo ya majaribio, akakitafuta kile kipande, akaweka ufunguo wake. Akampa Ndesario. Ndesario akakipokea, akakiangalia, kidole kikasimama hewani.

"Na wale wanaotaka kuachwa?" aliuliza. "Wapo. Wengi. Kuanzia leo watapigwa."

"Si mna watani?" alisema mzee. "Watumeni wakaulize. Nyumba kwa nyumba. Anayetaka aandikiwe chake."

"Itachukua muda."

"Kesi yangu ilichukua muda."

Ndesario bado hakugusa. "Mama yangu naye sikumuuliza. Alikuwa ananitazama, mimi nikajua anachosema. Nikasema ananiambia, lizime. Sasa sijui. Sijui kama ndilo alilokuwa anasema."

Mzee akaunyoosha mkono wake uliovimba, akaupata mkono wa shati la Ndesario.

"Mama wa Kichaga," alisema, "anaacha vipi kitu ambacho bado kina faida?"

Ingekuwa mtu mwingine kasema hivyo, pangepigwana ngumi. Ndesario akacheka, kicheko kikageuka, akalia hapo juu ya kitanda cha mgonjwa, akiwa ameinamisha kichwa kwenye blanketi, na mzee akampigapiga begani. Alipomaliza akaweka ufunguo wake. Kipande kikafutika. Namsifu akaifunga droo ya majaribio, kazi ambayo miaka yote hiyo ingemchukua muda wa kunywa maji.

Chai ikaja, Ndesario akainywa amesimama.

"Nashuka na gari linalofuata," alisema. "Naenda kwa yule mama. Aliuliza nani alikiambia kiache. Nitamwambia, halafu nitakwenda Bodi."

"Twende wote."

"Wewe baki. Umesikia alivyosema, hatakuwa peke yake."

"Hakusema hivyo."

"Mimi nimesema." Akavaa kofia yake. Mlangoni Namsifu akamshika kiwiko.

"Mwambie tulikuwa wawili. Mmoja aliandika, mmoja alijua akanyamaza. Nitaje kwa jina. Nikitoka hapa nitakwenda mwenyewe, lakini asikae akidhani ni wewe tu."

Ndesario akaitikia kwa kichwa. "Na wewe, Mpare, siku nyingine ukiona upuuzi wangu, nitukane."

"Nitakutukana."

Akamsindikiza kwa macho mpaka kona ya migomba, kisha akarudi ndani. Baba yake alikuwa amefumba macho, kifua kinapanda na kushuka bila mpangilio. Namsifu akaketi kwenye kigoda. Aliijua kazi iliyokuwa ikifanyika mle ndani kuliko mtu yeyote mlimani. Alijua kiini kinasikiliza, kinaona hali isiyo ya kawaida, kinaita ghalani. Alijua pia kwamba kile kilichokuwa kikijibu kwa upole hakipo tena, kwa mkono wake. Akaushika mkono wa baba yake.

Pigo la kwanza lilikuja jua likiwa bado juu. Mwili mzima ulirushwa, kitanda kikalia, na Namsifu akalihisi kwenye kiganja chake, kama mtu aliyegusa waya. Alitaka kuachia. Kila kitu ndani yake kilitaka kuachia na kukimbilia nje kwenye migomba. Hakuachia.

Mzee akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Macho yakafunguka, yakazunguka chumbani, yakamkuta.

"Kesi," alisema.

"Unasemaje, baba?"

"Imeahirishwa."

Namsifu akacheka, machozi yakamtoka hapohapo, wala hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. "Ndiyo, baba. Imeahirishwa."

"Usiende mbali."

"Siendi."

Akavuta kigoda karibu zaidi kwa mguu, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, wakakaa wakisubiri kuitwa tena.